Kitovu cha Kombi

Fundi hakuwa na habari na dereva. Gari likiingia uani kwake Mwanjelwa likikohoa, dereva ataruka chini, atatupa mikono hewani na kuanza kueleza, na Fundi atampita kama anavyopita nguzo. Atakwenda moja kwa moja kwa watu waliokuwa wamekaa viti vya nyuma, atawaamkia kwa heshima zote, kisha atawauliza: mlianza kusikia nini, na mlikuwa mmefika wapi? Dereva akidakia, Fundi anamnyamazisha kwa kidole chenye grisi.

"Wewe una mambo ya kulinda," atamwambia. "Abiria hana cha kuficha."

Ndivyo tulivyojuana, maana mimi nilikuwa abiria. Miaka ile ya sabini nilikuwa muuguzi katika zahanati ya misheni kule Ubaruku, mtoto wa baridi ya Igowole niliyepelekwa kwenye joto na mbu wa Usangu, na kila mwezi tulipanda Mbeya kuchukua dawa kwa kombi nyeupe ambayo misheni iliiagiza kutoka Ujerumani. Dereva wetu, Mhehe mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa akinuna pembeni huku mimi nikisimama mbele ya Fundi na kutoa ushahidi.

"Ulianza wapi huo mlio, Sista?"

"Baada ya Chimala."

"Kama nini?"

"Kama sufuria inachemka na kifuniko chake."

"Mlikuwa mnapanda ama mnashuka?"

"Tunapanda."

"Ndaga, Sista. Ndaga fijo." Hiyo ndiyo asante ya Kinyakyusa, na aliitoa kwa unyenyekevu kana kwamba nimempa kitu cha thamani. Kisha anaingia chini ya gari na humwoni tena mpaka chai.

Sitasema nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alinichosha. Akishamaliza kutengeneza alitaka majaribio, na kwenye majaribio alitaka abiria yuleyule akae palepale alipokuwa amekaa. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye kofia ya kazi kichwani, nilizungushwa Mwanjelwa na Uyole kwenye kiti cha nyuma, na Fundi amekaa pembeni yangu juu ya injini, maana injini ya kombi iko nyuma, macho ameyafumba, akitafuna kiazi kilichochemshwa. Hakukaa mbele hata siku moja. Alisema mbele unaona barabara tu, na barabara haijawahi kuharibika plagi. Nikifungua mdomo kuuliza kama tumemaliza, ananyanyua kile kiazi kunizuia, na tunaendelea.

Na alikuwa na kasoro zake, tena za wazi. Mtu aliyechukia uongo kiasi kile, neno "kesho" kinywani mwake lilikuwa na maana ya siku yoyote ile. Aliimba kwaya kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya aliiwekea mbinu ya kumpanga nyuma kabisa, karibu na dirisha. Aliogopa sindano kama mtoto. Siku alipokatwa na bati nikamwambia lazima nimchome ya pepopunda, alinitazama kwa uchungu, akaniambia ana mteja anamsubiri, akatoka kwa mlango wa nyuma wa karakana yake mwenyewe. Nilimkamatia kwa muuza viazi. Nilimchomea hapohapo, wanawake wa soko wakicheka mpaka wakakaa chini.

Ni siku hiyo, akijisugua bega, aliponiuliza: "Sista, mgonjwa akikudanganya unafanyaje?"

"Nampima homa."

"Eh! Unaona?" Alinyoosha mkono akaomba kipimajoto changu, akakishika kwa ncha za vidole. "Wewe una kitu chako, unaweka, kinasema. Mimi nahangaika na mdomo wa watu."

Nikamsimulia kuhusu kijana mmoja wa shule aliyekuwa akichovya kipimajoto kwenye chai ya moto ili apewe ruhusa ya kulala. Fundi alicheka sana. Halafu akasema lile si kosa la kipimo, ni kosa la aliyekiweka, na akanirudishia chombo changu kwa mikono miwili.

Kwa kuwa hakuwa na kipimo, alijitungia namba. Kila ubovu alioukuta ndani ya gari aliupa namba yake, na kila alipomaliza kazi aliikwaruza kwa msumari upande wa ndani wa mlango wa injini. Moja ilikuwa mafuta machafu. Nne ilikuwa vumbi, na kombi yetu ya Usangu ilikuwa na nne nyingi kama ndui. Mafundi wa barabara nzima hadi Iringa walizijua, kwa sababu wengi walipitia mikononi mwake. Gari likiwafia Makambako, wanafungua mlango, wanasoma safu ile ya namba, na wanajua wanamtibu nani na aliugua nini mwezi uliopita. Tisa ilikuwa ya dereva. Dereva wetu alikuwa nazo sita na kwa kila moja alikuwa na maelezo yake.

"Na kumi?" nilimuuliza.

"Kumi ni ya fundi. Kosa langu mwenyewe."

Nikafungua mlango wa kombi, nikazipitia zote. "Mbona haipo?"

"Bado," akasema, wala hakutabasamu.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kwenye kombi ile hakikuwa na kazi yoyote. Pembeni ya injini kulikuwa na kitu cheusi cha mviringo, kipana kama mdomo wa kikombe, kina mfuniko, na ukiufunua unakuta vitundu vingi vimepangwa duara, kila kimoja na waya wake kwa nyuma. Magari ya zamani hayakuwa nacho. Kitabu kilichokuja na kombi kilikuwa na picha yake: Mzungu aliyevaa koti jeupe amechomeka waya mnene pale, na waya ule umekwenda mpaka kwenye mashine kubwa yenye mishale. Fundi hakujua Kijerumani, ila picha aliielewa vizuri kuliko mimi. Pale ndipo gari linaposemeshwa. Mashine inauliza, gari linajibu lenyewe ugonjwa wake, bila dereva, hata bila abiria.

"Hiki ni kitovu," aliniambia. "Mama yake amebaki Ulaya."

Mashine kama ile haikuwepo Mbeya, na wala hatukusikia kwamba ipo popote nchini. Haikumvunja moyo. Alikata mpira wa ndani wa gurudumu kuwa vipande vyembamba, akazifunga nyaya zote za kitovu, moja moja, akazipaka nta juu ili vumbi la Usangu lisiziguse. Kila mwezi alifunua mfuniko, akapuliza, akafunika. Mafundi wenzake walimtania kwamba anatunza mahari ya binti asiyeposwa. Aliwajibu: "Kuna siku itasemeshwa. Siku hiyo mtanyamaza wote."

Sasa nieleze ya panya.

Mwaka mmoja mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku ilikwama wakati wa mavuno, Fundi akashushwa kutoka Mbeya kuja kuitengeneza. Alikaa kwetu siku tatu. Dereva wetu, kwa kupenda kivuli, alikuwa ameegesha kombi nyuma ya ghala la mpunga. Asubuhi ya siku ya tatu akaja Msukuma mmoja, mfugaji aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake mbugani, amemleta mkewe kwa mkokoteni.

"Mama, nisaidie," aliniambia. "Huyu siku ya pili hii."

Nilimpima, nikajua mara moja kwamba si kazi yangu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na mama ameanza kuishiwa nguvu. Bila hospitali kubwa ya Mbeya nilikuwa nazika wawili. Tukambeba hadi kwenye kombi, dereva akawasha, na kombi haikutoa hata kikohozi.

Fundi alikuja akikimbia, unga wa pumba umemjaa kichwani. Alifungua mlango wa injini, akasimama. Panya wa ghalani walikuwa wamelala pale usiku kucha kwenye joto la injini, na walikuwa wamekula nyaya. Zote zilikuwa zimetafunwa hadi shaba, nyingine zimekatika kabisa. Zilizopona ni zile tu alizozifunga kwa mpira na nta.

Aliuliza kama kuna waya popote. Mashine ya mpunga ilikuwa ya dizeli, ya kuzungusha kwa mkono, haina hata mmoja. Duka la pale liliuza chumvi, viberiti na kanga. Mama akapiga ukelele ndani ya gari. Fundi alikuwa bado amesimama, ameshika mfuniko wa kitovu, na mimi nikamfokea, mbele ya watu wote:

"Kata, Fundi! Unangoja nini? Kata!"

Akakata. Alizing'oa nyaya za kitovu moja baada ya nyingine, akazigeuza kuwa za koili na za dinamo, mikono haikosei. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kiti cha nyuma nikimshika mama, na kupitia kioo nilimwona akifunika kitovu kilichobaki kitupu, akikibonyeza kwa kiganja kama mtu anayemfumba macho marehemu. Kombi ikawaka. Tulifika Mbeya, mama akapasuliwa, na alipopona akatoka na mtoto wa kike mnene. Wakamwita Kombi. Wasukuma hawana shida na majina, na tangu siku hiyo yule mama tulimwita Mama Kombi.

Fundi alipoambiwa alifurahi sana, akarudia lile jina mara nyingi. Nilipofungua mlango wa injini mwezi uliofuata nikakuta ameandika tatu, ya waya. Sikuuliza juu ya kitovu. Naye hakukipuliza tena.

Ilipita miaka kama miwili, spea zikawa adimu kabisa nchini, ndipo ikaja barua kwamba misheni inaleta mtaalamu kutoka ng'ambo, yeye na mashine yake. Magari yote ya sharika na zahanati yakusanywe Mbeya siku moja yapimwe. Gari ambalo mashine italiona lina uhai litapewa spea mpya za kutosha. Lisilo na uhai litakatwa ili liwe spea za mengine. Kwa Ubaruku maana yake ilikuwa moja tu: tutabaki na kombi au tutabaki na mkokoteni.

Nilifikiri Fundi angefurahi. Nilimkuta amekonda. Alikuwa amebakiwa na wiki moja tu, na mafundi wote aliowahubiria habari za kitovu wangekuwepo uani wakimwangalia. Alikuwa ametafuta nyaya kila mahali, akafungua redio yake mwenyewe, na usiku na mchana alikuwa akikijaza kitovu upya, kitabu kimefunguliwa kwenye ile picha, kimeegemezwa kwenye tairi.

"Mwambie tu huyo mtaalamu," nilimshauri. "Mwambie zilikatwa, na kwa nini."

"Nimwambie nini, Sista? Kwamba niliingojea siku hii miaka yote, na mimi ndiye niliyezila nyaya?"

"Ni mimi niliyekwambia kata."

"Mkono ulikuwa wa kwangu." Akarudi ndani ya injini.

Siku ilipofika, mashine ilikuwa kama kwenye picha, kubwa kama kabati la vyombo, na mtaalamu alikuwa na koti jeupe kweli. Magari yalikuwa mengi na siku ilikuwa moja. Mchungaji wa misheni alikuwa akimtafsiria. Zamu yetu ilipofika Fundi mwenyewe aliendesha kombi, mara ya kwanza kumwona kwenye usukani, akafunua mfuniko, na mtaalamu akachomeka ule waya mnene. Uani kukawa kimya. Mishale ikaruka, mmoja ukaanguka chini kabisa na kulala. Mtaalamu akakunja uso, akachomoa, akachomeka tena. Mishale ikafanya vilevile.

"Anasema dinamo imekufa," Mchungaji akatafsiri. "Anasema na injini yenyewe imekwisha. Hakuna faida ya kuiwekea spea."

"Hapana!" Ni dereva wetu aliyepiga kelele. "Mchungaji, hii gari ni nzima! Jana tu imetoka Ubaruku, imepanda milima yote, haijachemka, haijazima! Hiyo mashine inadanganya!"

Watu wakacheka. Mchungaji naye alitabasamu, akamwambia kwa upole kwamba kila dereva hulitetea gari lake.

Mimi nilikuwa namwangalia Fundi. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, anautazama kiganja, kisha anaugeuza anatazama mgongo wake, kisha kiganja tena. Mpaka leo nikifumba macho naona mkono ule ukigeuka. Nilikuja kuambiwa na fundi mwingine baadaye kilichotokea. Picha ya kitabuni ilichorwa kutoka mbele, na yeye nyaya alizifunga kutoka nyuma, akahesabu vilevile. Kila waya ulikaa mahali pa mwenzake. Mashine iliuliza sawasawa, na kombi ikajibu uongo alioufundishwa.

Alijua palepale. Na mimi, ingawa sikujua habari ya mbele na nyuma, nilijua nyaya zile ni za redio na zilifungwa juzi. Neno moja lingetosha. Nilimngoja aseme yeye, kwa sababu niliona aibu ni yake na haki ya kuisema ni yake. Yeye, nadhani, alikuwa akingoja mtu amuulize abiria. Hakuna aliyeniuliza. Mtaalamu akachora mstari mwekundu kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo, gari lililofuata likasogezwa.

Sina namna ya kujitetea, na nimejaribu nyingi.

Kombi ilikatwa. Injini yake ilifungwa kwenye gari la usharika mwingine, na nasikia ilitembea miaka bila tatizo. Sisi tulirudi kwenye mkokoteni. Mvua kubwa ya mwaka uliofuata Mama Kombi alipata uchungu tena, na shida ilikuwa ileile. Nilimfunika kwa turubai, nikatembea pembeni ya mkokoteni nikimshika mkono, ng'ombe wakizama hadi magoti. Tulikuwa tunakwenda barabara kuu kuomba lori lolote. Alinifia kabla hatujaiona lami ya Igawa. Mumewe aliniambia, "Mama, umejitahidi," na kwa kweli heri angenitukana.

Nilihamishwa Usangu, nikarudi kwetu. Fundi sikumwona tena mpaka miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda Uyole kwenye harusi na mtu akaniambia yupo, analima viazi, karakana ameiacha. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya banda la kuku. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita, lakini aliinuka kunipokea.

"Ugonile, Sista!" akaniamkia kwa Kinyakyusa chake.

Tulikaa. Akaniuliza habari za Igowole, nikamuuliza za viazi. Alinikaribisha chai, akasema mkewe ataileta kesho, tukacheka kama zamani. Ndipo nikauona mlango wa banda la kuku. Ulikuwa mweupe, wa bati, una kutu pembeni, na safu za namba zilizokwaruzwa kwa msumari. Aliuomba siku ile walipoikata kombi. Nilizitambua nne zetu na tisa za dereva. Chini kabisa, peke yake, imekwaruzwa kwa nguvu mpaka bati limetoboka, kulikuwa na kumi.

Aliona ninapotazama. Kuku walipita miguuni petu.

"Sista," akasema mwishowe, "wewe ulikuwa abiria. Ile gari ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzima, Fundi."

"Nzima?"

"Nzima kabisa. Ilinipasa niseme siku ile."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kupumua. Kumbe hilo halikuwa swali lake.

"Na Mama Kombi? Baada ya kukosa gari… hajambo?"

Alikuwa ameniinamia, macho ameyafumba, kama alivyokuwa akisikiliza injini. Nilimtazama ule mkono uliolala gotini, mishipa imejitokeza. Nikaona mkokoteni, na turubai, na matope.

"Hajambo," nikasema. "Ana watoto watatu sasa. Anakusalimu sana."

Hakufumbua macho mara moja. Kitu kilimshuka mabegani. Kisha akainuka kwa kujikongoja, akachomoa msumari uliokuwa umechomekwa kwenye nguzo ya banda, akapiga magoti mbele ya ule mlango na kuanza kuifuta kumi, akiikwaruza mstari juu ya mstari.

"Ndaga fijo, Sista," alisema bila kugeuka. "Abiria hana cha kuficha."

Nikamwacha aifute.